Msalaba Mwekundu Ulivyojifunza Kusikiliza Mitandaoni

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya shirika kubwa lililoogopa mitandao ya kijamii. Nimeichagua kwa sababu wengi wenu mtakuja kuombwa kazi hii, tena mapema kuliko mnavyodhani. Utasikia tu, "Wewe kijana unayejua mambo ya simu, hebu tufungulie ukurasa wa chama chetu." Kabla hujaanza, mzee mmoja wa kamati atakuuliza, "Na wakitutukana je?" Msimcheke mzee huyo. Amekaa na chama miaka mingi, anakilinda. Jibu lake lipo ndani ya kisa hiki.

Mwishoni mwa Agosti mwaka 2005, kimbunga kilichoitwa Katrina kiliipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kingo zilizojengwa kuzuia maji katika mji wa New Orleans zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya 1,300 walipoteza maisha. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, lililoanzishwa na Clara Barton mwaka 1881, halikuwa limewahi kukabili kazi kubwa namna hiyo nchini mwake. Lilifungua vituo vya kuwahifadhi waliokosa makazi, likagawa chakula, likapokea michango mingi mno. Hata hivyo, wapo waliochelewa kufikiwa, na wapo waliohisi wametelekezwa. Hao walikwenda kuyamwaga yaliyowakaa moyoni kwenye blogu zao, na dunia nzima ikasoma.

Wakubwa wa shirika waliumia. Hebu jiwekeni mahali pao: umekesha usiku na mchana ukigawa mablanketi, asubuhi unasoma kwamba hufai. Mwaka 2006 wakamwajiri dada mmoja, Wendy Harman, ili ashughulike na maneno hayo. Wakati huo Facebook ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X, ilizaliwa mwaka uleule. Hapakuwa na chuo kilichofundisha kazi aliyopewa, wala mtangulizi wa kumuuliza.

Mwingine angefungua ukurasa siku ya kwanza na kuanza kujitangaza: sisi ni wazuri, sisi ni hodari, tuchangieni. Yeye alianza kwa kusoma. Kila siku alitafuta mahali popote kwenye intaneti palipotajwa jina la shirika, akayakusanya yaliyosemwa, akawatumia wenzake kwa barua pepe. Wakubwa waliotarajia matusi matupu wakakuta mambo mengine kabisa. Watu walikuwa wakisimulia damu waliyochangia, mafunzo ya huduma ya kwanza waliyohudhuria, msaada waliowahi kupokea. Walalamikaji walikuwepo, lakini wengi waliolitaja shirika walilipenda, na wengine walikuwa wakitafuta namna ya kulisaidia.

Hata malalamiko yenyewe yaligeuka kuwa mali. Mtu mmoja aliandika kwamba darasa la Msalaba Mwekundu alilohudhuria halikumridhisha. Habari ile ikapelekwa kwenye tawi lililohusika, na kiongozi wa tawi akamtafuta yule mtu mwenyewe. Alishangaa, akarudi kwenye blogu yake na kuandika kwamba kumbe watu hawa wanamjali. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingeweza kufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo lilipo jibu la mzee wetu wa kamati. Shirika lisilo na ukurasa ni kama mtu aliyejifungia ndani huku majirani wakimjadili barazani: mazungumzo hayasimami kwa kuwa yeye hayupo. Akitoka atayasikia, na atapata nafasi ya kujibu. Kwa hiyo, ukitaka kumsaidia mtu mwenye hofu na mitandao, usimwambie kwamba dunia imebadilika na yeye amebaki nyuma. Maneno hayo humfunga mtu masikio. Mwonyeshe yanayosemwa juu yake leo hii, mema na mabaya, kisha mwache asome mwenyewe.

Baada ya kusikiliza ndipo wakaanza kusema. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa na mamia ya matawi, na ofisi kuu isingeweza kuyasemea yote. Harman alitengeneza mwongozo wa kuyafundisha matawi namna ya kufungua kurasa zao, na mwaka 2009 mwongozo huo ukawekwa hadharani, kila mwenye haja ausome. Januari 2010 tetemeko la ardhi likaiangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Mmarekani yeyote mwenye simu aliweza kuchangia dola 10 kwa kutuma neno moja tu, Haiti, kwenda namba 90999. Namba ile ilisambaa, rafiki akimpa rafiki, televisheni zikiitangaza, mitandao ikiirudia. Shirika lilikusanya zaidi ya dola milioni 30 kwa njia hiyo peke yake, nyingi kutoka kwa watu ambao wasingeandika hundi hata siku moja.

Sasa njooni kwenye usiku ambao kila mkurugenzi mwenye hofu huuwazia. Ilikuwa Februari 2011. Mfanyakazi mmoja wa shirika, akiwa anatumia programu inayounganisha akaunti kadhaa mahali pamoja, aliandika ujumbe kuhusu bia za kampuni ya Dogfish Head ambazo rafiki yake amezipata, na jinsi wao wanavyojua kunywa. Alidhani anaandika kwenye akaunti yake binafsi. Kumbe ujumbe ulitoka kwa jina la Msalaba Mwekundu! Wafuasi maelfu kwa maelfu wakasoma kwamba shirika linalopokea damu na kuokoa wahanga liko kwenye ulevi.

Harman aliamshwa kwa simu usiku ule, akaufuta ujumbe. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalistahi sana: hakujifanya kwamba halikutokea. Shirika liliandika wazi kwamba ujumbe ule umefutwa, na likawahakikishia watu kuwa Msalaba Mwekundu haujalewa na funguo zimeshachukuliwa. Kule Marekani, mtu akilewa, marafiki humnyang'anya funguo za gari asije akaendesha. Watu wakacheka, wakasamehe. Wapenzi wa bia ile wakachukua alama ya reli (hashtag) iliyokuwa kwenye ujumbe uliokosewa, wakaitumia kuhimizana kuchangia fedha na damu. Kampuni yenyewe ya bia ikajiunga kuwahimiza. Yule mfanyakazi aliomba radhi, na hakufukuzwa kazi.

Angalieni vizuri kwa nini mambo hayakuharibika. Kwa muda wa karibu miaka mitano shirika lilikuwa limezoea kuzungumza na watu, kuwajibu, kuwashukuru. Siku lilipoteleza, lilikuwa na marafiki. Taasisi inayojitokeza mtandaoni kwa mara ya kwanza siku ya balaa haina wa kuitetea.

Mwezi Machi mwaka 2012 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulifungua kituo maalumu mjini Washington, kwa msaada wa kampuni ya kompyuta ya Dell. Ukutani palikuwa na skrini zinazoonyesha watu wanasema nini, wapi, na wanahitaji nini. Wahudumu wa kujitolea walifundishwa kuwajibu walio katika hofu wakiwa majumbani kwao, maili nyingi kutoka kwenye maafa. Oktoba mwaka huohuo kimbunga Sandy kilipoupiga upande wa New York na New Jersey, kituo kilikuwa tayari kazini. Shirika lililoanza kwa kuogopa blogu sasa lilikuwa likiyasoma maneno ya watu ili kujua msaada unahitajika wapi.

Huku kwetu pia Msalaba Mwekundu wa Kenya ulionyesha thamani ya jambo hili. Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa, shirika hilo lilitumia Twitter kutoa taarifa na kuomba damu. Watu walijitokeza kwa wingi, wakapanga foleni ndefu kuchangia.

Basi siku ukiitwa na ushirika wa akina mama, zahanati ya kijiji au kikundi cha ngoma, usianze na kamera. Tafuta kwanza jina lao mtandaoni, chukua maneno machache yaliyosemwa juu yao, yachape kwenye karatasi kama wazee hawapendi kusoma kwenye simu, kisha keti nao myapitie moja baada ya jingine. Ukikuta mteja aliyeuliza saa za kufungua na hakujibiwa, hapo umepata pa kuanzia. Kubalianeni nani atashika nywila, tena wawe wawili, maana kijana mmoja akihama mji na nywila yake, ukurasa umekufa. Akaunti ya chama isikae pamoja na ya mtu binafsi. Mmeshaona la bia. Picha ya mgonjwa au ya mtoto haiwekwi bila ruhusa, hata iwe ya kuvutia namna gani. Fungueni ukurasa mmoja tu, pale wateja wenu walipo tayari. Kwa vikundi vingi vya kwetu pengine ni WhatsApp au Facebook, wala hapana haja ya kuhangaika na mitandao yote.

Na kama hajapatikana mtu atakayejibu maswali ya watu kila siku, msiufungue kwanza. Endeleeni kusoma yanayosemwa, mwandae mtu huyo, akiwa tayari mfungue.