Kabla ya Kununua Giaboksi Nyingine

Mercedes-Benz E-Class ya toleo la W211, iliyoundwa kuanzia 2002 hadi 2009, siku hizi iko mikononi mwa watu ambao zamani wasingethubutu kuiulizia bei. Wengi wao si matajiri. Kuna mstaafu aliyeitamani tangu ujana, kuna anayekodisha magari ya harusi, kuna kijana aliyeuza Corolla akaongeza kidogo. Bodi bado imenyooka na viti vya ngozi bado vina heshima yake. Kinachowanyima usingizi ni giaboksi ya otomatiki, na hasa ile sentensi ya gereji: "Bosi, giaboksi imekufa, tafuta nyingine."

Sentensi hiyo hutamkwa mapema mno. Fundi anazunguka na gari mtaa mmoja, anasikia teke gia inapoingia au anaona gari limeng'ang'ania gia moja, anarudi na hukumu. Hakuna kilichofunguliwa wala kupimwa, na ada ya watoto inageuzwa kuwa pesa ya spea.

Giaboksi nyingi za magari haya ni ile ya gia tano yenye namba 722.6, ambayo Mercedes walianza kuifunga mwaka 1996. Imefanya kazi pia kwenye Chrysler 300C, Jeep Grand Cherokee, hata Porsche 911 Turbo, na mojawapo ya matoleo yake limeundwa kuhimili nguvu ya mzunguko ya Nm 580. Chuma chake ni kigumu. Udhaifu wake uko pembeni, kwenye umeme na kwenye oili, na huko ndiko uchunguzi unapopaswa kuanzia.

Kompyuta ya gia ikipata taarifa isiyoeleweka, hulinda giaboksi kwa kuiacha kwenye gia ya pili. Gari linaondoka kwa uzito, injini inalia, mwendo hauongezeki. Dereva anasimama pembeni, anazima, anangoja kidogo, anawasha, na gia zote zinarudi kama vile hakuna lililotokea. Giaboksi ikishapata moto, ugonjwa unarejea. Mwenye gari akieleza hivyo, fundi mzuri anaanza kufikiria waya na sensa, kwa sababu pleti za klachi zilizoungua haziponi kwa kuzima na kuwasha gari.

Ubavuni mwa giaboksi hiyo kuna plagi ya plastiki ambamo waya za kompyuta huingilia, na ndani ya mfuko wake mna oringi mbili ndogo. Miaka ikipita, oringi hukakamaa na oili huanza kupenya. Haidondoki tu chini. Hupanda taratibu ndani ya waya wenyewe, kati ya shaba na ganda lake, hadi kwenye soketi ya kompyuta upande wa abiria. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata jeki: chomoa soketi ya kompyuta, ifute kwa kitambaa cheupe. Ikiacha alama ya oili, umepata pa kuanzia. Kubadilisha plagi ile ni kazi ndogo, na oringi zake ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa kwenye gari zima. Kinachofuata kwa kuharibika ni bamba la umeme lililo ndani, juu ya bodi ya vali, lenye sensa mbili za kusoma mzunguko. Sensa moja ikifa, kompyuta haijui tena giaboksi inazunguka kwa kasi gani. Bamba hilo hubadilishwa kwa kushusha sampo, bila kuitoa giaboksi kwenye gari.

Oili nayo ina historia ya kusikitisha. Giaboksi hii ilipotoka, wenye magari waliambiwa oili yake itadumu maisha yote ya gari. Baadaye kampuni yenyewe ikarudi nyuma na kuagiza ibadilishwe. Ahadi ya kwanza ilimfaa aliyenunua gari jipya Stuttgart au Yokohama akaliuza mapema. Sisi tunaolipokea likiwa na mmiliki wa tatu au wa nne ndio tunaolipia ahadi ile. Tena bomba la kupimia lina kifuniko lakini halina kijiti. Kijiti ni kifaa cha gereji, na kipimo sahihi husomwa injini ikiunguruma, gia ikiwa P, oili ikiwa na joto la nyuzi 80 za Sentigredi. Anayejaza kwa kukisia hukosea: ikipungua klachi zinateleza, ikizidi inatoa povu. Na isiwe oili yoyote nyekundu ya dukani. Dai iliyoandikwa idhini ya Mercedes kwa giaboksi hii, kama 236.14.

Hapa wenye magari nasi tunahusika. Tunalipa spea bila kunung'unika, lakini fundi akitaja pesa ya kupima tunamwona tapeli. Matokeo yake fundi hana sababu ya kukaa saa mbili na mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu wakati kipato chake kiko kwenye kufunga na kufungua. Apatiwe malipo ya uchunguzi hata akigundua kuwa tatizo ni oringi. Hapo ndipo atakuwa na uhuru wa kusema hivyo.

Zipo giaboksi zilizokufa kweli. Sampo ikishushwa, tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa, au oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, ni habari nyingine. Hapo safari ya kutafuta giaboksi nyingine Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, inakuwa halali. Lakini mwenye giaboksi ya gia saba, 722.9, iliyoanza 2003, awe macho zaidi. Kompyuta yake imo ndani ya giaboksi na imefungamanishwa na mfumo wa kuzuia wizi wa gari ilikotoka. Iliyotolewa kwenye gari jingine itakaa kwenye boliti zake vizuri kabisa, na gari halitaondoka mpaka ufungamano huo ufutwe au kompyuta ya zamani ihamishiwe humo. Jambo hilo lizungumzwe na muuzaji, pamoja na haki ya kurudisha, kabla pesa haijatoka mfukoni.