Nani Atamwombea Mama?

Wakazi wengi wa Nairobi hulijua sinagogi kwa nje tu: lile jengo lililo kwenye makutano ya Uhuru Highway na University Way. Lakini sinagogi si kuta. Popote walipo Wayahudi, sala ya jamaa huanza kwa hesabu. Ni lazima wapatikane watu wazima kumi na, kwa sheria ya kale, wote wawe wanaume. Wakipatikana tisa, hata kama kina mama hamsini wameketi upande wao, idadi haijatimia.

Miongoni mwa sala zinazohitaji kumi hao ni Kadish. Mzazi akifa, mwanawe wa kiume huisema kila siku kwa miezi kumi na mmoja. Ajabu ni kwamba haitaji kifo hata mara moja. Ni ya kumsifu Mungu tu.

Je, asiye na mtoto wa kiume?

Swali hilo lilimfika Bi Henrietta Szold wa Marekani mwaka 1916, alipofiwa na mamaye. Yeye alikuwa na umri wa miaka 55. Babake, Rabi Benjamin Szold wa Baltimore, aliyefariki mwaka 1902, alizaa mabinti wanane na hakupata mvulana hata mmoja. Basi rafiki yao, Haym Peretz, akajitolea kwa moyo safi kumsomea marehemu Kadish.

Bi Szold alimwandikia barua ya shukrani, na akakataa.

Kwake yeye, Kadish ni mtoto kutangaza mbele ya watu kwamba sasa anashika nafasi aliyokuwa nayo mzazi wake katika jumuiya, ili mnyororo wa vizazi usikatike. Mtu atamwachiaje mwingine kazi hiyo? Sheria, alisema, iliwasamehe wanawake wajibu fulani walipokuwa hawawezi kuutimiza. Haikukusudia kuwazuia wanaoweza. Tena babake hakuwahi kuona upungufu kwa kukosa mwana wa kiume, na alipokufa, mamaye hakukubali mtu mwingine ashike nafasi ya mabinti zake.

Msomaji, hapa kwetu je? Wapo ambao baba akiacha mabinti watupu, hutafutwa binamu wa kiume awe wa kwanza kutia udongo kaburini, nao waliomuuguza miaka yote wamesimama kando.

Bi Szold hakuwa mwasi wa dini. Mwaka 1903 alianza masomo katika chuo cha marabi jijini New York, akapokelewa kwa sharti kwamba asidai kuwa rabi. Mwaka 1912 alianzisha chama cha wanawake cha Hadassah, ambacho hospitali zake Jerusalem zinajulikana hadi leo. Alifariki huko mwaka 1945.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1973 madhehebu yenye chuo kile yaliruhusu wanawake wahesabiwe katika kumi, na mwaka 1985 chuo chenyewe kikamtawaza Amy Eilberg kuwa rabi. Masinagogi yanayoshika sheria ya kale bado huhesabu wanaume tu, ingawa katika baadhi yao binti aliyefiwa huisema Kadish akiwa upande wa kina mama, na wanaume humwitikia amina.