Mikono ya mtoto inauma: fimbo mpya itasaidia?

Juma lililopita mdogo wangu anayeishi Marekani alinitumia video kwenye telefone. Binti yake wa miaka 13 amevaa kofia ngumu, ameshika fimbo kwa mikono miwili, anapiga mpira. Baada ya video likaja swali. Mtoto analalamika kwamba mara nyingi akipiga mikono inamuuma, na sasa anataka fimbo nyingine ambayo bei yake inatisha. «Yaya, wewe ulifundisha fizika. Unasemaje?»

Nilimwomba siku tatu za kufikiri. Nawaletea nilichomjibu, kwa sababu najua wengi wenu mna wajukuu na watoto wa ndugu huko, na maswali ya namna hii yanafika.

Mchezo wenyewe ni softiboli, ndugu ya besiboli. Kwetu wanaoujua ni wachache, ingawa jirani zetu wa Uganda wanaucheza. Mmoja anarusha mpira kwa kuzungusha mkono kutoka chini, mwingine anaupiga kwa fimbo. Ulianzia Chicago mwaka 1887, wanaume wakiwa wamekaa ndani wakati wa baridi: walifunga glavu ya ndondi kwa kamba ikawa mpira, wakachukua mpini wa ufagio ukawa fimbo. (Ufagio wenyewe sijui nani alikuwa anautumia siku hiyo.) Tangu 1996 wanawake wameucheza katika Olimpiki mara tano.

Mpira wa wanawake una uzito wa karibu gramu 190. Mrushaji anasimama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji, na wale hodari wanaurusha kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Haufiki hata nusu sekunde njiani. Ukigusana na fimbo, wanakaa pamoja sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde, kisha wanaachana. Kupepesa jicho kunachukua muda zaidi ya mara mia ya huo. Katika muda huo mfupi mpira unabonyea kama donge la bugali chini ya kidole, unasimama, unageuka, unaondoka. Ili kuugeuza hivyo, fimbo inausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na zaidi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mdogo wangu hakuliamini. Wakati huo mikono haina kazi tena. Pigo linasafiri ndani ya fimbo kama wimbi, na kabla wimbi hilo halijafika mikononi na kurudi, mpira umekwisha kwenda. Hata kama mtoto angeiachia fimbo punde tu kabla ya kugonga, mpira ungeruka karibu vilevile. Kwa hiyo kukaza vidole hakuongezi kitu. Kazi ya miguu, kiuno na mabega inafanyika kabla, kuipa fimbo kasi. Sisi tunaotwanga sombe tunalijua hilo: mtwangio unapewa mwendo juu, chini unajifanyia kazi wenyewe. Anayeukaba mpaka ndani ya kinu ndiye anayeota malengelenge.

Basi maumivu yanatoka wapi? Fimbo ikigongwa inatetemeka kama uzi wa gitaa. Lakini kuna mahali, karibu sentimita 15 kutoka ncha nene, ambapo pigo haliamshi mtetemo mwingi. Mpira ukigonga hapo, mkono hausikii karibu chochote na mpira unaenda mbali. Ukigonga pembeni, karibu na vidole au kwenye ncha kabisa, sehemu ya nguvu inabaki ndani ya fimbo na kuja kuwasha mikono. Ni kama jembe likikutana na jiwe.

Nikamwambia mdogo wangu atafute mahali hapo. Shika fimbo kwa vidole viwili tu, upande wa mpini, iache ining'inie. Igonge polepole kwa nyundo ndogo, ukianzia ncha na kupanda. Mahali ambapo vidole havisikii mtetemo, weka alama kwa kalamu. Alifanya hivyo jioni ileile na mtoto. Baada ya mazoezi walitazama madoa ya mpira juu ya fimbo: karibu yote yalikuwa chini ya alama, upande wa mikono. Fimbo ilikuwa nzito kwake, inachelewa, mpira unamkuta karibu mno.

Fimbo mpya ya bei kubwa haitibu hilo. Zile za kisasa zina uwazi ndani, na ukuta wao unabonyea kidogo kisha unarudi. Hiyo inasaidia kwa sababu mpira ukibanwa unapoteza nguvu nyingi: ukiutupa kwenye ukuta mgumu, karibu robo tu ya nguvu inarudi nao. Ukuta wa fimbo ukibonyea badala yake, mpira unabanwa kidogo na unaruka kwa kasi zaidi. Nyingine zinapunguza mtetemo pia, sikatai. Lakini mtoto wa miaka 13 anahitaji kwanza fimbo nyepesi anayoweza kuizungusha upesi, hata kama si mpya.

Na kuna jambo lililonisumbua zaidi ya mikono. Mpira unaoruka upesi unaelekea kwa mtoto wa mwingine. Katika fainali ya Olimpiki, tarehe 27 Julai 2021, Mmarekani mmoja aliupiga kwa nguvu, ukamgonga Mjapani Yu Yamamoto mkononi, ukaruka hewani, na mwenzake Mana Atsumi akaudaka. Japani walishinda 2–0 na watu walishangilia. Mimi niliurudia mkono ule. Yamamoto alikuwa analinda kituo cha tatu, na huko ndiko binti yetu anakosimama timu yake inapolinda, bila kinga yoyote usoni.

Mdogo wangu amenunua kinga ya uso. Fimbo nyepesi wameiazima kwa mwenzake aliyekua. Mtoto alinuna siku mbili, halafu jana ikaja video nyingine, fupi sana, inasikika sauti tu: «tak», na yeye anacheka.