Yoga si kujipinda viungo tu

ABIRIA anayeshuka Kambu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, baada ya saa kadhaa ndani ya basi kutoka Nairobi, kwanza hushika kiuno, akajinyoosha na kuvuta pumzi ndefu. Pasipo kujua, amegusa mambo mawili ya msingi katika yoga: mwili na pumzi. La tatu, ambalo ni gumu zaidi, ni kutuliza akili.

Je, yoga ni nini? Neno hili ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Shina lake lina maana ya kufunga pamoja, kama vile ng'ombe wanavyofungwa nira ili walime. Mkulima wa Makueni anajua kwamba fahali mmoja akivuta huku na mwenzake kule, plau haiendi. Ndivyo ilivyo kwa mwili na akili.

Hatua nane

Patanjali, mwalimu ambaye mafundisho yake yana zaidi ya miaka 1,500, alitaja hatua nane. Ya kwanza ni kujiepusha na maovu kama kudhuru wengine, uongo na wizi. Ya pili ni nidhamu ya nafsi, kama vile usafi na kuridhika. Mikao ya mwili ni ya tatu, na pumzi ni ya nne. Zilizosalia ni za ndani: kuziondoa hisi katika mambo ya nje, kukaza fikira, kutafakari, na hatimaye utulivu kamili.

Je, ni dini?

Hapa wengi husita. Yoga ilizaliwa katika imani za Bara Hindi, na kwa Wahindu wengi ingali njia ya ibada. Hata hivyo, madarasa mengi ya mijini hufundisha mikao na pumzi pekee. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu. Kabla ya kujiunga na darasa lolote, muulize mwalimu kama kuna maneno ya ibada, kisha uamue kwa dhamiri yako.

Namna ya kuanza

Keti wima, vuta pumzi polepole puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi.

Kisha piga magoti na uweke viganja sakafuni. Ukivuta pumzi, inua kichwa na ushushe tumbo. Ukiitoa, inamisha kichwa na ukunje mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Maliza kwa kulala chali kimya dakika tano.

Tahadhari

Mwaka 2017 mwongozo wa madaktari wa Marekani uliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Lakini mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu ya yoga. Mjamzito, na mwenye shinikizo la macho, wamwone daktari kwanza. Maumivu ya mgongo yakiandamana na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, usijinyooshe: nenda hospitali siku hiyo hiyo.