Daftari Tupu, Kabati Tupu: Kuumwa na Nyoka Pwani ya Tanga (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza tuliwataja nyoka wanaodhuru watu wa pwani yetu: kifutu, ambaye wengine humwita moma, anayejilaza njiani wala hakimbii mshindo wa miguu, swila anayetema sumu machoni, na koboko wa kijani wa minazi, mikorosho na miembe. Tulieleza pia la kufanya. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, mguu usikazwe kwa kamba, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Leo tunaingia penye ugumu zaidi: akifika hospitali, atakuta nini kabatini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka. Kati yao, milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu, na kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao waliokufa. Juni 2017 shirika hilo liliingiza janga hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Lakini tazama upana wa makadirio yenyewe. Kati ya 81,000 na 138,000 kuna watu 57,000 ambao dunia haina hakika kama walikufa au hawakufa. Abiria wa ndege hawahesabiwi hivyo. Wakulima ndio wanaohesabiwa hivyo.

Kwa nini hawahesabiki? Jibu zuri linatoka kwa jirani zetu wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, ambako utafiti wa vijijini ulichapishwa mwaka 1994. Ulionyesha kuwa katika kila watu 100,000, takriban 150 walikuwa wakiumwa na nyoka kwa mwaka. Karibu mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeumwa na nyoka anayeweza kuwa na sumu ya kudhuru. Na katika wote walioumwa, kama theluthi mbili walitafuta tiba kwa waganga wa jadi.

Weka hesabu hizo mbili za mwisho pamoja, utaona sifa ya mganga inavyojengwa. Watu watano wakienda kwake, wanne wangepona hata wangelala nyumbani na kunywa uji. Hata nyoka mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Hivyo jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, hubandikwa juu ya jeraha, mgonjwa huamka mzima, na kijiji kizima hushuhudia. Mganga si lazima awe mwongo. Ameona kwa macho yake watu wakipona, ila hajui kwamba wengi wao hawakuwa na sumu mwilini.

Tabu ni huyo wa tano. Kama ni kifutu, mguu huvimba saa hata saa, malengelenge hutokea, nyama huanza kufa, na damu na maji hutoka kwenye mishipa hadi shinikizo la damu likashuka. Kama ni koboko, kope huwa nzito, mate hayamezeki, kisha misuli ya kupumulia hulegea. Wa kifutu hufika hospitali siku ya pili au ya tatu, na pengine huandikwa kuwa na kidonda kilichooza. Mwingine hafiki kabisa. Huzikwa kijijini, na daftari la hospitali halimjui.

Hapo ndipo daftari linapoathiri kabati. Zahanati zetu na vituo vya afya huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD) kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita, na matumizi hayo husomwa katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya. Kitabu kisichoonyesha mgonjwa wa nyoka hakiwezi kuomba dawa ya nyoka. Dawa yenyewe ni ghali: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kutiwa kwenye vichupa. Mgonjwa mmoja huhitaji vichupa kadhaa, na mtoto hupewa dozi ileile ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hapimi uzito wa anayemuuma. Mganga mfawidhi anayeogopa kichupa kitaisha muda wake bila kutumika ana sababu ya kutokiagiza. Mwanakijiji aliyewahi kuambiwa dawa hakuna naye ana sababu ya kwenda moja kwa moja kwa mganga wa jadi. Kila mmoja anafanya la busara, na pamoja wanaendeleza duara lilelile.

Duara hilo limezunguka hata katika soko la dunia. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa iliyotegemewa sana Afrika, mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Wanaoihitaji hawakuwa na fedha za kuinunua, na serikali hazikuwa na takwimu za kuonyesha kwamba zinaihitaji. Pengo la namna hiyo huzibwa na dawa zisizolingana na nyoka wetu. Katika hospitali moja nchini Ghana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa walipobadilishiwa dawa, vifo vilipanda kutoka chini ya 2 katika kila 100 hadi 12.

Kwa hiyo haitoshi daftari kuandika kwamba fulani aliumwa. Liandike pia ameumwa na nyoka gani, wapi na saa ngapi. Dawa ya mchanganyiko inayotengenezwa Johannesburg inawahusu kifutu, koboko na swila, lakini haimhusu yule nyoka mwembamba anayefanana na kijiti kikavu, ambaye sumu yake huharibu kuganda kwa damu. Wala haikutengenezwa kwa nyoka mdogo mwenye pembe juu ya macho wa misitu ya Usambara, anayepatikana Tanzania tu. Daktari wa Muheza au Lushoto akijua hayo, hatamaliza vichupa kwa mgonjwa ambaye havitamsaidia. Atahangaikia damu na figo zake. Na tukijua kwamba wengi huumwa usiku wakiwa wamelala sakafuni, au wakati wa masika wakipalilia, au karibu na ghala la mahindi lenye panya, tutajua pa kuanzia: kitanda na chandarua, viatu vya mpira, tochi, na ghala safi.

Kuvunja duara hakuhitaji kungoja bajeti kubwa. Mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuandika kila aliyeumwa, hata aliyetibiwa kwa mganga, hata aliyezikwa. Mashamba ya mkonge tayari yana orodha za wafanyakazi. Yaongeze safu moja. Na dawa, badala ya kutawanywa kichupa kimoja kimoja, iwekwe katika hospitali chache zinazojulikana, zenye friji, adrenalini na vifaa vya kumsaidia mtu kupumua, na kila dereva wa bodaboda ajue ni zipi. Meserani, karibu na Arusha, zahanati ya bustani ya nyoka inayoendeshwa na wauguzi ilitoa dawa bure, na watu wakaifuata kutoka mbali. Watu hawakatai hospitali. Wanakataa safari isiyo na dawa mwishoni.

Sehemu ya tatu itawahusu waganga wa jadi wenyewe. Wao ndio wenye daftari kubwa kuliko hospitali, ingawa halijaandikwa, na tutaangalia ni kwa masharti gani wanaweza kukubali kulifungua.

Itaendelea.