Mgodi Hufungwa, Asidi Haifungwi

Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, uchimbaji mkubwa wa shaba ulianza 1956 na kusimama miongo miwili na ushei baadaye. Jirani na mji wa Kasese likabaki rundo la takribani tani milioni 1 za pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye kobalti kidogo ndani yake. Mvua zikalikwangua mwaka hadi mwaka. Maji yaliyotoka humo yaliteremka hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, yakaacha ukanda mtupu wa rangi ya kutu ambamo hata nyasi zilishindwa kuota. Hakuna bwawa lililopasuka wala pipa la kemikali lililopinduka. Uchafuzi wa asidi hauna siku ya tukio, na mara nyingi hujitokeza aliyechimba akiwa ameshafunga virago. Ndiyo maana nashikilia kwamba mahali pa kuudhibiti ni mezani, kabla baruti ya kwanza haijalipuliwa, na fedha zake zitengwe hapo hapo.

Pairaiti ikiwa imefunikwa ardhini, mbali na hewa, haina neno na mtu. Ikipasuliwa na kuanikwa juani kama kifusi, oksijeni na maji huivunja, ikatoa chuma kilichoyeyuka na asidi ya salfuriki, ile ile ya betri za magari. Mwanzoni kazi hiyo huenda polepole. Maji yakishachacha, huingia bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans, ambao hupata nishati yao kutokana na chuma hicho, na kasi hupanda mara nyingi sana. Asidi nayo huyeyusha shaba, zinki, kadimi au arseniki iliyomo katika mawe na kuondoka nayo. Mbele kidogo, inapokutana na maji safi, chuma huganda na kuwa tope la rangi ya machungwa linalofunika mawe ya kijito, likiwaziba pumzi wadudu wanaoliwa na samaki. Hesabu yake inatisha: tani 1 ya pairaiti ikioza yote hutoa takribani tani 1.6 za asidi, na kuizimua kunahitaji karibu tani 1.7 za mawe ya chokaa. Zidisha sasa kwa rundo la Kasese.

Wapo watakaosema kwamba dawa basi ni chokaa, na chokaa haikosekani. Ni kweli huinua pH na kuzifanya metali zitue chini. Lakini tazama Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa 1886. Migodi ilipoachwa na pampu kuzimwa, maji yalijaa chini kwa chini hadi 2002 yakabubujika juu karibu na Krugersdorp. Kampuni nyingi zilizofaidi zilikuwa hazipo tena. Serikali ikabeba mzigo wa kujenga mitambo ya kuyasukuma na kuyatibu. Chokaa huacha tope la kutupwa mahali fulani, salfeti nyingi hubaki majini, na siku pampu zikizimwa maji hurudi yale yale. Mtambo wa Emalahleni, huko huko Afrika Kusini, umekuwa ukisafisha maji ya migodi ya makaa ya mawe tangu 2007 hadi yakanyweka, jambo la kupongezwa, ila ni mtambo wa kuendeshwa bila kikomo.

Hoja nzito zaidi ya kunipinga inatoka Kasese kwenyewe. Mwaka 1999 kilianza kiwanda kilicholisha lile rundo kwa bakteria wa jamii hiyo hiyo ndani ya matangi, kikavuna kobalti na kuizimua asidi kwa mawe ya chokaa. Adui akageuzwa kibarua! Hata hivyo biashara ya namna hiyo hufuata bei ya metali, na huchukua kinacholipa tu. Mabaki mengine ya mgodi bado yamelala kando ya Mto Nyamwamba, ambao ulifurika vibaya Mei 2013.

Kinachowezekana kabla ya kuchimba si miujiza. Mawe hupimwa maabara, yajulikane yanaweza kutoa asidi kiasi gani na yana chokaa asilia kiasi gani ya kuizimua. Yale mabaya hutengwa, yakafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi au kuzamishwa majini, ambamo oksijeni hupenya kwa shida mno. Kisha kampuni huweka dhamana ya fedha za kusafisha eneo. Wengine husema dhamana hufukuza wawekezaji. Lakini dhamana haiongezi gharama yoyote ambayo haikuwepo; inaonyesha tu nani atailipa. Mgodi unaopata faida kwa sababu tu jirani ndiye atakayetibu maji haukuwa na faida tangu mwanzo. Kanuni za Tanzania zinataka dhamana ya ukarabati, nayo hufaa pale tu kiasi chake kinapotokana na vipimo vya mawe yenyewe. Basi ukiitwa kwenye mkutano wa tathmini ya mazingira kijijini kwako, uliza mambo mawili: majibu ya maabara yako wapi, na hizo fedha ziko benki gani?