Makengeza ya mtoto: kisu ndilo swali la mwisho

Mtoto wa sokoni hubebwa mgongoni. Mama hufika soko la Gikomba, Nairobi, kabla hakujapambazuka, anafungua robota, anapanga nguo, anauza, na muda wote huo mtoto yuko ndani ya leso akitazama kisogo cha mamake. Ndiyo maana wa kwanza kuliona jicho lililogeuka mara nyingi huwa si mama. Huwa ni mteja, au shangazi aliyefika juzi kutoka mashambani: "Mbona macho ya huyu hayaendi pamoja?" Kuanzia hapo ushauri humiminika. Jirani wa viatu atasema yatanyooka akikua. Nyanya atauliza kama mama alimcheka mtu mwenye makengeza alipokuwa mjamzito. Wa duka la dawa atatoa chupa ya matone. Na mwenye kujua mambo kidogo atasema, mpelekeni akafanyiwe upasuaji.

Nianze na huyu wa mwisho, maana ndiye aliye karibu na ukweli, ila amegeuza mpangilio. Upasuaji hunyoosha jicho, haulifundishi kuona. Mzazi anayeingia kliniki akiuliza "operesheni ni lini?" anastahili jibu, lakini kuna maswali matatu yanayotangulia, na kwa watoto wengi jibu la maswali hayo hufanya kisu kisihitajike kabisa.

La kwanza: je, haya ni makengeza kweli? Wachanga wengi macho yao huzurura kidogo katika miezi mitatu minne ya kwanza, halafu hutulia. Wengine wana daraja la pua pana, na ngozi ya kope inafunika weupe wa jicho upande wa puani, basi jicho linaonekana limeingia ndani ilhali limenyooka. Tazama picha ya simu iliyopigwa kwa flashi mtoto akiwa ameelekea kamera moja kwa moja. Nukta ya mwanga ikikaa mahali pamoja katika kila mboni, huenda ni sura tu. Ikiwa katikati ya mboni moja na pembeni ya nyingine, hilo si suala la pua. Picha hiyo ihifadhi uende nayo hospitalini, kwa sababu makengeza ya watoto yana tabia ya kujificha siku ya kliniki. Jioni mtoto amechoka jicho linakimbia, asubuhi mbele ya daktari limekaa wima.

La pili ni la hatari, na hapa sina subira na mtu anayesema tungoje. Jicho lisiloona hugeuka. Kwa hiyo makengeza yanaweza kuwa dalili ya kitu kilicho ndani ya jicho: mtoto wa jicho, kovu kwenye retina, au retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto wadogo. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2012 ulikadiria saratani hiyo kuwa mtoto 1 kati ya kila 17,000 hivi wanaozaliwa. Ni nadra, naam, lakini ikikamatwa mapema mtoto hupona, na ikicheleweshwa huua. Dalili yake inayojulikana zaidi ni weupe unaong'aa ndani ya mboni, hasa kwenye picha za flashi. Inayofuata ni makengeza. Tena, mtoto ambaye macho yake yalikuwa sawa kisha yakageuka ghafla, akiwa anatapika, analalamika kichwa au anayumba anapotembea, huyo haendi kliniki ya macho wiki ijayo. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu shida inaweza kuwa ubongoni.

Hii ndiyo sababu ziara ya kwanza ni lazima iwe na matone ya kupanua mboni, na daktari aangalie hadi nyuma ya jicho. Mtoto atalia na ataona ukungu saa kadhaa. Vumilia. Kama mtoto wako aliangaliwa kwa tochi pekee kisha mkapangiwa upasuaji, uamuzi bado haujafanywa. Rudi ukaombe uchunguzi kamili. Na yale matone ya duka la dawa? Hakuna tone linalonunuliwa kaunta likanyoosha makengeza. Baadhi yana steroidi, ambayo ikitumiwa kiholela huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kuhusu nyanya na kicheko cha ujauzito, nitasema machache tu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Los Angeles ulikuta makengeza kwa asilimia 2.5 ya watoto wadogo wenye asili ya Afrika. Mara nyingi huenda katika ukoo, huwapata zaidi waliozaliwa njiti na wale wanaohitaji miwani yenye nguvu. Mama asibebeshwe lawama.

Swali la tatu ndilo kiini cha jambo: kila jicho, likiwa peke yake, linaona kiasi gani? Macho yakitazama pande mbili, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima angeona vitu viwili viwili na kulalamika. Mtoto wa miaka miwili halalamiki. Ubongo wake huizima picha moja. Likizimwa jicho lilelile kila siku, njia zake za neva hazikomai, na hapo tunapata jicho vivu: jicho zima kwa umbo, bovu kwa kuona. David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha hilo katika miaka ya 1960 kwa vitoto vya paka waliofungwa jicho moja. Jicho lilipofunguliwa baadaye, ubongo ulikuwa umekwisha kuliacha. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa binadamu dirisha hilo ni refu zaidi, ila baada ya umri wa miaka saba au minane kuliamsha jicho huwa kazi ngumu. "Akue kwanza" ni ushauri unaokula miaka yenyewe ya matibabu.

Nyumbani unaweza kupima kwa njia rahisi. Mtoto akiwa ameshughulika na kitu anachokipenda, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Akitulia ukiziba la kushoto lakini akilia na kuusukuma mkono ukiziba la kulia, amekueleza analotegemea.

Sasa tufike kwenye miwani, ambako wazazi wengi huniacha njiani. "Daktari, mtoto wa miaka miwili na miwani? Si itamharibu macho?" Naelewa. Lakini aina ya makengeza inayojitokeza sana mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu inatokana na jicho lililo fupi kidogo. Picha haitui vizuri kwenye retina, basi mtoto hulikaza jicho ili aone sawasawa. Mwili umefunga mambo mawili pamoja: jicho likijikaza kuona, macho yote huvutwa kuelekea puani. Akijikaza kupita kiasi, moja huingia ndani. Mholanzi Franciscus Donders alieleza uhusiano huo mwaka 1864, na tiba yake haijabadilika: mpe mtoto lenzi zinazofanya kazi ile kwa niaba yake, naye ataacha kujikaza. Kwa baadhi ya watoto jicho hunyooka kabisa ndani ya wiki chache, bila kisu.

Mambo mawili huwachanganya wazazi hapa. Ukivua miwani jicho linarudi ndani, pengine zaidi ya zamani, nao huona miwani imelizoesha uvivu. La hasha: jicho kunyooka ndani ya miwani na kugeuka nje yake ni ushahidi kuwa miwani ndiyo dawa. La pili ni bei. Gikomba hakukosi miwani ya mitumba, na mzazi mwenye bajeti finyu hushawishika. Miwani hiyo ilipimwa kwa macho ya mtu mwingine, na katikati ya lenzi zake hapalingani na mboni za mtoto wako. Fremu iliyotumika, ikiwa ndogo na nzima, sina ugomvi nayo. Lenzi lazima zitengenezwe kwa vipimo vyake, vilivyochukuliwa baada ya matone. Weka mpira wa kuzunguka kisogo, na umvishe tangu anapoamka hadi anapolala. Nusu siku haitoshi.

Jicho likibaki vivu hata na miwani, tunaliziba lile zuri. Njia hiyo si mpya: Mfaransa Buffon aliipendekeza mwaka 1743. Kilichobadilika ni kipimo. Zamani watoto walizibwa mchana kutwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 kwa watoto wa kati ya miaka mitatu na saba wenye uvivu wa wastani ulionyesha kuwa saa 2 kwa siku zilileta matokeo sawa na saa 6. Hilo ni afueni kubwa kwa mama wa sokoni. Plasta hubandikwa kwenye ngozi, chini ya miwani, si juu ya lenzi, la sivyo atachungulia pembeni. Chagua saa mbili ambazo biashara imepoa na mpe shughuli ya karibu: vifungo vikubwa apange kwa rangi ukiwa unamwona, picha za kitabu, hata katuni kwenye simu. Jasho likiibandua kila siku, muulize daktari kuhusu atropini, tone linalotia ukungu kwenye jicho zuri. Kwa uvivu wa wastani hufanya kazi karibu sawa na plasta. Lakini chupa hiyo iwekwe mbali kabisa na mikono ya watoto, kwani ikinywewa ni sumu.

Ndipo tunafika kwenye kisu. Upasuaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa Berlin mwaka 1839 na Johann Friedrich Dieffenbach, kwa mvulana wa miaka saba, kabla nusukaputi haijavumbuliwa. Habari zilienea, madaktari kila mahali wakaanza kukata misuli, na wengi waliokuwa wanatazama ndani wakaishia kutazama nje. Leo tunapima, tena na tena, kabla ya kugusa. Kila jicho lina misuli 6 ya kulizungusha. Kazi ya daktari haina tofauti kubwa na ya fundi cherehani wa Gikomba anayerekebisha suruali ya mtumba: huu umebana, unasogezwa nyuma ulegee, ule umelegea, unafupishwa. Kipimo ni milimita. Jicho halitolewi mahali pake, ingawa uvumi huo hautaki kufa. Misuli imeshikana na weupe wa nje, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Kwa kawaida mtoto hurudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho likiwa jekundu kwa wiki moja au mbili.

Nani basi anauhitaji? Mtoto ambaye makengeza yalianza kabla ya miezi sita, makubwa na ya kudumu, kwa kawaida hayatanyooshwa na miwani. Kwake kusubiri kuna gharama, lakini pia kuharakisha kuna yake. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha waliopangiwa upasuaji kabla ya miaka miwili na waliopangiwa baadaye, wengine hadi miaka mitano. Walipofika umri wa miaka sita, asilimia 13.5 ya kundi la mapema waliweza kuutambua mchoro wa nzi unaojitokeza nje ya karatasi, yaani macho yao yalikuwa yanafanya kazi pamoja. Kundi la baadaye ni asilimia 3.9. Hata hivyo katika kundi la baadaye mtoto 1 kati ya 5 hakufanyiwa upasuaji kabisa, mara nyingi kwa sababu makengeza yalikuwa yamepungua yenyewe. Katika makundi yote mawili robo hivi au zaidi kidogo walirudishwa mezani kwa mara nyingine. Mimi huwaambia wazazi wa mchanga mwenye makengeza makubwa: vipimo viwili au vitatu vikilingana, msivute miaka. Kwa aliyeanza akiwa na miaka miwili au mitatu, miwani kwanza, na ikiwa jicho limebaki ndani baada ya miezi kadhaa ya kuivaa kweli, tunafanyia upasuaji kile kilichobaki tu. Miwani huendelea hata baada ya hapo. Na kama kuna uvivu, tunajitahidi kuutibu kabla.

Kwa mkazi wa Majengo, Shauri Moyo au Ziwani, safari si ndefu. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya macho, kuna Lions SightFirst kule Loresho, na matatu ya 105 hufika Kikuyu, ambako kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA kimehudumu tangu miaka ya 1970. Nenda na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na barua ya rufaa ukiipata kwenye kituo cha karibu. Tangu Oktoba 2024 bima ni SHA, si NHIF tena. Kabla ya tarehe kupangwa ulizia kwa ofisi ya bima ya hospitali kipi kinalipiwa, upasuaji na miwani kila kimoja kivyake.

Na baba aje. Nimeona mara nyingi mama ameelewa, ameridhika, kisha anapiga simu nje ya mlango na kurudi akisema mzee amekataa. Baba aliyeambiwa kwa simu "wanataka kumpasua mtoto jicho" atakataa, nami nisingemlaumu. Akikaa kwenye kiti, akaona mwenyewe mtoto akilia jicho zuri linapozibwa, mazungumzo huwa mengine. Muulizeni daktari pamoja: kila jicho linaona kiasi gani leo, nyuma ya jicho kukoje, miwani peke yake ingefikisha wapi, na uwezekano wa kurudi mezani ni upi. Anayejibu hayo manne bila kukunja uso mnaweza kumtilia sahihi. Halafu ulizeni tarehe ya kurudi, kwa kuwa jicho lililonyooka bado linaweza kulala, na mtoto huyu ataendelea kupimwa hadi awe darasa la pili au la tatu.